Wanafunzi wanaotengeneza mikrobe: bila mwalimu mwenye kubakia, kazi inakufa

Kati ya mwezi wa nane 2018 na mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 300,000 walipewa chanjo ya Ebola hapa mashariki mwa Kongo, kuanzia Beni na Butembo mpaka Mambasa na Goma. Wengi wenu munaosoma habari hii mulichomwa ile shindano, ao mulimuona jirani akichomwa. Wakati ule swali lilikuwa moja kila mahali, sokoni, kanisani, msikitini: ndani ya ile chupa ndogo kuko nini, na nani aliitengeneza?

Jibu ni hili. Ndani yake kuko virusi vya mifugo, vile vinavyoletea ng'ombe na farasi vidonda mdomoni. Wataalamu walitoa jeni moja ya virusi hivyo, wakaweka mahali pake jeni moja ya Ebola, ile inayotengeneza protini ya ngozi yake ya inje tu. Virusi hivyo haviwezi kuleta Ebola, sababu sehemu zingine zote za Ebola hazimo. Lakini mwili ukiona ile ngozi, unajifunza kupigana nayo. Basi wakaaji wa Beni walipokea mikononi mwao kazi ya kugeuza jeni, mbele hata ya watu wengi wa Ulaya kuisikia.

Watu wanaofanya kazi ya namna hiyo hawaanguki kutoka mbinguni. Wengi walianza wakiwa wanafunzi wa miaka makumi mbili hivi, ndani ya timu ya watu wachache, na mwalimu pembeni. Leo tunataka kuongea juu ya yule mwalimu. Vyuo vyetu viko na vijana wenye akili, na kila mwaka kunaongezeka wenye kuomba labo na mashini. Swali la mwalimu gani atasimama nao, na kwa miaka ngapi, halisikiki sana. Kumbe njo swali la kwanza.

Shindano la wanafunzi

Biolojia sintetiki ni kazi ya kuchukua sehemu za viumbe hai na kuzipanga upya ili zifanye kazi ambayo mtu amechagua. Munajua fundi anayetoa moteri kwa pikipiki iliyoharibika na kuifunga kwa mashini ya kusaga mihogo. Moteri ni ile ile, lakini kazi yake imebadilika. Hapa moteri ni jeni, na mashini mara nyingi ni bakteria, kiumbe kidogo ambacho macho haiwezi kuona.

Kuko shindano kubwa la wanafunzi katika kazi hiyo, linaitwa iGEM. Lilizaliwa katika chuo cha MIT huko Marekani, likiwa somo dogo la mwezi wa kwanza 2003. Mwaka 2004 zilikuja timu tano tu. Siku hizi timu zinapita 300 kila mwaka, kutoka Asia, Ulaya, Amerika na kidogo Afrika, na tangu 2022 zinakutana Paris, Ufaransa.

Sharti moja la shindano lile linafaa kujulikana. Timu haiwezi kuandikishwa bila walimu wakubwa wawili wanaobeba jukumu. Chini yao kuko wasimamizi wengine, mara nyingi wanafunzi wa zamani waliopita njia hiyo. Sharti la pili: timu inapaswa kuandika waziwazi ni kazi gani wanafunzi walifanya wao wenyewe, na ni kazi gani walisaidiwa na mwalimu ao mtu mwingine. Mwalimu akiwafanyia kazi yote ili wapate medali, ni lazima iandikwe. Na timu isiyoandika hayo haipati medali.

Sharti la tatu ni la usalama. Timu inajaza fomu kuonyesha ni kiumbe gani inatumia na ni sehemu gani za jeni, na mwalimu anaweka jina lake pale. Tena hairuhusiwi kutoa kiumbe kilichogeuzwa inje ya labo, hata kwa kukijaribu shambani ao mtoni.

Edinburgh, 2006: sumu ndani ya visima

Tuchukue mufano mmoja wa kweli. Mwaka 2006, wanafunzi wa chuo kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti, walichagua kushugulikia tatizo la inchi ya mbali: Bangladesh.

Kule, tangu miaka ya 1970, mashirika, UNICEF ikiwa kati yao, yalisaidia kuchimba visima vya bomba kwa mamilioni ya watu, ili waache kunywa maji machafu ya mabwawa na mito yaliyokuwa yanaua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa nzuri. Kumbe chini ya udongo kulikuwa arseniki, sumu isiyo na harufu wala ladha. Iligunduliwa katika visima mwaka 1993. Mwaka 2000, makala moja katika jarida la OMS ilisema kwamba hakuna sumu nyingine katika historia iliyowahi kugusa raia wengi namna ile: kati ya wakaaji milioni 125 wa inchi hiyo, milioni 35 mpaka 77 walikuwa katika hatari.

Shida ya kijijini ilikuwa kujua kisima gani kiko na sumu na gani hakina. Visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana kabisa. Labo iko mbali, na vipimo vya mkononi vya wakati ule vilikuwa na makosa mengi kwa viwango vya chini.

Wanafunzi wakatumia ujanja ambao bakteria wenyewe wako nao. Bakteria wengine wana jeni za kufukuza arseniki. Jeni hizo zinabaki zimefungwa kama mulango, na arseniki ikiingia, mulango unafunguka. Wanafunzi walichukua mulango huo wakaufunga kwa jeni nyingine, ile inayosaidia bakteria kula sukari ya maziwa. Bakteria wakila ile sukari wanatoa asidi, maji yanakuwa makali kidogo, na rangi iliyotiwa ndani inabadilika. Mama wa kijijini hahitaji mashini: anaangalia rangi. Kifaa chao kiliweza kuona arseniki hata kwa kiwango ambacho OMS inaweka kama mpaka, yaani mikrogramu 10 ndani ya litre moja ya maji.

Pembeni ya timu ile walikuwa walimu wa vyuo tofauti vya ujuzi. Chris French ni mtaalamu wa mikrobe. Alistair Elfick ni mhandisi. Andrew Millar alikuwa mtu wa biolojia mwenye kutumia hesabu. Hilo tu tayari ni somo. Mwenye kujua bakteria peke yake hawezi kujua kama kifaa kitafanya kazi kwa jua na vumbi. Mwenye kujua vyombo peke yake hawezi kujua kama bakteria watakuwa bado hai kisha wiki mbili. Wanafunzi walikuwa na mutu wa kuuliza kila upande.

Kisha medali, wanafunzi wanakwenda

Hapa njo tunafika kwa kiini cha habari. Shindano linamalizika mwisho wa mwaka. Wanafunzi wanapata diplome, wanatafuta kazi, wanaoa, wanahama. Kila mwaka mamia ya timu zinaonyesha vitu vizuri, na vingi vinabaki kwa karatasi. Hapa kwetu tunajua vizuri hali hiyo: ni kazi ngapi za mwisho wa masomo ziko kwa rafu za maktaba zetu, zimefunikwa na vumbi, na ndani yake kuko mambo ambayo yangesaidia raia?

Kazi ya Edinburgh haikufa mara moja, sababu walimu walibakia. Mwaka 2007 waliandika pamoja na wanafunzi wao makala ya kisayansi. Mwaka 2011 French na Elfick, pamoja na wengine, walitoa makala nyingine yenye vipimo vya uhakika zaidi. Kisha French akaungana na watafiti wa Cambridge, Jim Ajioka akiwa mmoja wao, wakabadilisha aina ya bakteria. Walichukua moja inayoweza kukauka na kulala kama mbegu, ikaamka ikitiwa maji, ili kifaa kiweze kusafiri bila friji. Walikwenda mpaka Nepal, inchi nyingine yenye arseniki katika visima, kuuliza wakaaji na wakubwa wa maji namna gani kifaa kingetumiwa.

Wakakutana na ukuta ambao mwanafunzi wa miaka 20 hangeuona: sheria. Kifaa hicho kinabeba bakteria hai waliogeuzwa. Ukikitoa labo na kukipeleka kijijini, je, umetoa kiumbe kilichogeuzwa katika mazingira, ao bado kimefungwa ndani ya chombo? Nani atakubali kutia sahihi? Sheria za Ulaya hazikuandikwa kwa kufikiri kitu cha namna hiyo, na jibu lilikawia. Mpaka leo kifaa kile hakikuchukua mahali pa vipimo vya kawaida katika vijiji.

Wamoja watasema: basi ni kazi bure. Hatuoni vile. Miaka ile yote ilifundisha watu kwamba kipimo kizuri ndani ya labo ni mwanzo tu, na kwamba maswali ya sheria na ya wakaaji lazima yaulizwe mapema, mbele ya kugusa jeni. Somo hilo halikupotea sababu kulikuwa watu waliobakia kulibeba. Wanafunzi peke yao wangeondoka nalo.

Na Kongo tuko na mufano wetu

Kubakia siyo jambo la Wazungu peke yao. Mwaka 1995, Ebola ilipopiga Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walichukua damu ya watu waliopona wakaiongeza kwa wagonjwa wanane. Saba walipona. Wataalamu wengi wa inje hawakusadiki. Lakini Muyembe hakuacha wazo lile.

Miaka kisha, katika damu ya mtu mmoja aliyepona Ebola ya Kikwit, watafiti walipata kingamwili yenye nguvu, ikaitwa mAb114. Kwa kutumia jeni, chembe zinafugwa ndani ya vyombo vikubwa na zinatoa ile kingamwili kwa wingi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja 2018, ilijaribiwa hapa kwetu pamoja na dawa zingine tatu, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Matokeo yalitangazwa mwezi wa nane 2019: mbili kati ya zile dawa ziliokoa watu zaidi, na mAb114 ilikuwa moja yao. Mwezi wa kumi na mbili 2020 ilikubaliwa rasmi Marekani.

Ripoti ya jaribio lile, ilipoandikwa katika jarida kubwa la waganga, jina la kwanza juu yake lilikuwa la Mukongomani kijana kuliko Muyembe: munganga Sabue Mulangu, wa INRB. Kutoka 1995 mpaka 2020 ni miaka 25. Mwalimu alibakia, na kijana akapata mahali pa kusimama.

Lakini tuseme ukweli wote. Damu ilikuwa ya Mukongomani, wagonjwa walikuwa watu wetu, waganga waliojihatarisha walikuwa wetu. Kiwanda kinachotengeneza dawa ile hakiko Kongo. Kujua kugeuza jeni na kufuga chembe bado ni ujuzi tunaoununua kwa wengine. Njo maana habari ya timu za wanafunzi inatugusa. Ujuzi huo unaanza chini, kwa mtu mwenye miaka 20 anayejifunza kushika pipeti.

Tuseme timu inaanza Bukavu

Tuweke mufano wa kufikiri tu. Tuseme kesho wanafunzi wa biolojia hapa Bukavu wanataka kutengeneza bakteria yenye kuonyesha zebaki katika maji ya mito ya Kamituga, ambako wachimbaji wa zahabu wanatumia zebaki kushika ile zahabu. Wazo ni zuri, na linawezekana: kuko bakteria zenye jeni za asili zinazojibu zebaki, sawa vile zile za arseniki.

Mwalimu mubaya atasema "endeleeni", kisha ataweka jina lake mbele ya majina yao. Mwalimu mwingine mubaya atasema "hamuwezi", na mambo itaishia pale. Mwalimu anayefaa atauliza. Zebaki inadhuru wachimbaji kupitia njia gani? Wengi wanaumia kwa mvuke wanaouvuta wakati wa kuchoma ile tope ya zahabu na zebaki, na mara nyingi inachomwa nyumbani, karibu na watoto. Wengine wanaumia kwa kula samaki, sababu mtoni zebaki inageuka aina nyingine inayojikusanya ndani ya samaki miaka na miaka. Maji yenyewe yanaweza kuonyesha kidogo sana wakati samaki wake wana mengi. Basi kifaa cha maji kitamwambia mama wa Kamituga "hakuna shida", wakati shida iko kwa sahani. Swali moja la namna hiyo linaokoa mwaka muzima wa kazi, na labda maisha.

Kisha atauliza swali la pili: mchimbaji akiona rangi imebadilika, afanye nini? Kama hana maji mengine wala njia nyingine ya kupata zahabu, tumemupa woga tu. Kwa hiyo timu inapaswa kwenda kuongea na wachimbaji na wanawake wanaouza samaki mbele ya kuingia labo.

Swali la tatu ni la usalama, na hapa hakuna mchezo. Tuko katika majimbo ambayo yamepita Ebola, yanaishi na kipindupindu, na ni Kamituga ambako aina mupya ya mpox ilitambuliwa, katika mlipuko ulioanza mwaka 2023. Hakuna mwanafunzi anayepaswa kugusa sampuli za wagonjwa kwa sababu ya shindano. Bakteria za kufundishia ni zile dhaifu zinazojulikana dunia nzima kuwa haziwezi kuishi ndani ya mtu. Mwalimu njo anayefunga ule mulango, na jina lake likiwa chini ya karatasi, yeye njo atajibu.

Na Kongo imeshajiunga na Protokoli ya Cartagena, mapatano ya dunia juu ya usalama wa viumbe vilivyogeuzwa jeni. Kwa hiyo kusema "hapa hakuna sheria" si kweli. Mwalimu anapaswa kuwaeleza wanafunzi wake hayo siku ya kwanza.

Raia wasijulishwe mwisho

Kuko jambo lingine ambalo watu wa Butembo na Katwa hawatasahau. Mwezi wa pili 2019, vituo vya kutunza wagonjwa wa Ebola kule vilishambuliwa na kuchomwa. Sababu zilikuwa nyingi: vita, siasa, uchaguzi ulioahirishwa Beni na Butembo. Lakini moja ilikuwa hii: watu waliona magari na feza zikiingia, na kwa muda mrefu hakuna aliyekaa nao kuwaeleza kwa luga yao ni nini kinafanyika. Uvumi ukajaza pale penye maelezo yalikosekana.

Timu ya wanafunzi wenye "kugeuza mikrobe" katika muji wetu inaweza kuzaa uvumi wa namna ile ile. Mwalimu anayesimama mbele ya redio, mbele ya wakubwa wa mitaa na wachungaji, akaeleza kwa Kiswahili kile wanafunzi wake wanafanya na kile hawataruhusiwa kufanya, anafanya kazi ya usalama sawa na kuvaa glavu.

Feza, friji na vita

Hatuwezi kusahau hali yenyewe. Kujiandikisha tu katika shindano la iGEM kunaomba dola elfu kadhaa kwa timu, bila kuhesabu visa na tiketi ya ndege. Dawa za labo zinapaswa kusafiri kwa baridi. Tangu vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zilifungwa, na wanafunzi wengi walitawanyika. Nani atafikiri jeni wakati hajui kama atalala salama?

Ni kweli. Lakini kuanza hakuombi Paris. Kule Yaoundé, Kameruni, labo ya jamii inayoitwa Mboalab inafundisha vijana na inatengeneza yenyewe vimeng'enya vya labo ambavyo wengine wananunua Ulaya na kungojea wiki nyingi. Na hapa Goma, INRB iko na labo yake tangu baada ya Ebola. Ujuzi wa kupima jeni za mikrobe uko tayari ndani ya Kongo, katika mikono ya Wakongomani.

Kwa hiyo, mzazi ambaye mtoto wake anasoma biolojia, ao wewe mwanafunzi unayetaka kuanzisha timu, uliza mambo haya mbele ya kuuliza mashini. Walimu wawili wenye kubeba jukumu ni nani, na wanatoka ujuzi gani? Nani anaweka jina kwa usalama? Majina ya wanafunzi yataandikwa wapi, na kazi yao itatajwa namna gani? Wakaaji waliongelewa wakati gani? Na la mwisho: kisha wewe kupata diplome na kuondoka, mwalimu gani atashika lile daftari, na atalishika miaka ngapi?

Kama kwa swali la mwisho watu wote wanaangaliana bila jibu, afazali kungojea kwanza, mupaka mwalimu huyo apatikane.